Mafaili mangapi yanatosha? Njia tatu za kupima mzigo wa mratibu wa mauzo ya nyumba Marekani

Mratibu humshikia wakala karatasi na tarehe za kila mauzo, na kila mauzo ni faili moja. Chukua mafaili matatu ya California, yote ya upande wa mnunuzi. La kwanza lilikubaliwa Jumatatu tarehe 5 Mei 2025. Fomu ya mkataba ya chama cha mawakala wa nyumba, California Association of Realtors, isipoandikwa vinginevyo, humpa mnunuzi siku 17 za kukagua nyumba na kuamua kama anaondoa masharti yake ya kujiondoa. La pili lilikubaliwa Jumatatu tarehe 19 Mei, na amana ya mnunuzi inatakiwa iwe imefika eskro, yaani mtu wa tatu anayeshika fedha hadi mauzo yafungwe, ndani ya siku tatu za kazi. La tatu limeshakomaa: mnunuzi anasaini hati za mkopo Jumanne tarehe 27 Mei. Yana umri tofauti na kila moja liko hatua yake, lakini ukihesabu siku vizuri yote yanakutana Alhamisi tarehe 22 Mei.

La kwanza ni rahisi kuona: 5 Mei ongeza 17. La pili pia: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. La tatu ndilo huwaponyoka watu. Sheria ya shirikisho inayotumika tangu Oktoba 2015 inataka mkopaji awe amepokea taarifa ya mwisho ya gharama za mkopo angalau siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Katika hesabu hii Jumamosi ni siku ya kazi, ila Jumapili na sikukuu za shirikisho hazihesabiwi. Jumatatu tarehe 26 Mei ilikuwa Memorial Day. Basi Ijumaa ni siku ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumanne ya tatu, na taarifa lazima iwe mikononi mwa mnunuzi Alhamisi. Ikitumwa kwa barua pepe bila yeye kuthibitisha kwamba ameipokea, itahesabiwa imepokelewa siku tatu za kazi baada ya kutumwa, na saini ya Jumanne imekwenda.

Mafaili matatu, kanuni tatu za kuhesabu siku, Alhamisi moja. Mratibu mwenye mafaili nane tu anaweza kuwa na Alhamisi kama hiyo na bado akamjibu wakala kwamba nafasi ipo, kwa sababu nane linasikika dogo. Ndiyo maana kabla ya kuamua unapokea kazi kiasi gani, amua kwanza unaupima mzigo kwa kipimo gani. Vinavyotumika ni vitatu.

| Kipimo | Kinaona nini | Kinakosea wapi | Kinamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Idadi ya mafaili | Kazi ya mwezi kwa jumla | Huchukulia kila faili ni sawa na jingine | Anayehudumia mawakala wachache wa mtaa mmoja, nyumba za aina moja |
| Alama za uzito | Ugumu wa kila faili | Haioni siku zinazogongana | Mwenye mawakala wengi na mikopo ya kila aina |
| Kalenda ya makataa | Siku na wiki zitakazojaa | Hudai nidhamu kila asubuhi | Kila mwenye mafaili zaidi ya kumi |

Kuhesabu mafaili

Usiidharau njia hii, ila iwe na hesabu nyuma yake, isiwe namba uliyoisikia kwa mratibu mwingine. Chukua saa zako za kazi za wiki, gawanya kwa saa ambazo faili moja hula tangu kufunguliwa hadi kufungwa, kisha zidisha kwa idadi ya wiki ambazo faili hukaa wazi. Mwenye saa 30 za kazi halisi, faili la saa 10, na mauzo yanayochukua wiki tano, anapata 30 ÷ 10 × 5, yaani mafaili 15.

Saa 30, si 40, kwa sababu ankara, simu za mawakala wapya, kutengeneza violezo na kufuatilia malipo haviingii kwenye faili lolote lakini vinakula siku. Hata hiyo 15 ni dari ambayo huwezi kuigusa kila wiki, maana inachukulia kazi inakuja kwa usawa, na haiji hivyo. Punguza robo. Inabaki 11.

Saa za faili moja usizikisie. Pima mafaili sita mfululizo, saa mkononi, ukijumlisha na jumbe za saa mbili usiku. Wengi hugundua kwamba faili walilodhani ni la saa saba ni la kumi na moja, na zile nne zilizojificha ziko kwenye kutafuta saini moja iliyorukwa na kumkumbusha mtu yuleyule kwa mara ya tatu.

Kuna mtego ndani ya kanuni hii. Mauzo yakianza kuchelewa na kukaa wiki sita badala ya tano, hesabu itakuambia una nafasi ya mafaili 18. Usiiamini. Faili linalochelewa huzaa nyongeza za mkataba, saini mpya, na maswali mapya ya mkopeshaji. Lipime tena, utakuta limekuwa la saa 12, na 30 ÷ 12 × 6 inakurudisha palepale kwenye 15.

Kupima kwa alama

Hapa faili la kawaida ni alama moja: nyumba iliyokwisha kukaliwa, upande mmoja tu, mkopo wa kawaida wa benki, wakala anayejua kazi. Mengine yanapanda au kushuka kutoka hapo. Viwango vifuatavyo ni vya kuanzia. Baada ya kufunga mafaili ishirini hivi utavirekebisha kwa kumbukumbu zako.

Mnunuzi wa fedha taslimu, toa 0.25. Hakuna mkopeshaji, hakuna kungoja idhini, na mara nyingi hakuna mthamini.

Mkopo wa FHA au VA (inayodhaminiwa na serikali ya shirikisho, VA ikiwa ya waliohudumu jeshini), ongeza 0.25. Kuna kifungu cha lazima kinachomlinda mnunuzi uthamini ukitoka chini ya bei, na kikikosa saini ya mmoja wa wahusika mkopeshaji atakirudisha. Zaidi ya hapo, mthamini anaweza kutaka marekebisho yafanywe kabla fedha hazijatoka, iwe ni rangi inayobambuka au reli ya ngazi. Kila rekebisho ni mkandarasi, risiti, na ukaguzi wa kurudia.

Nyumba yenye chama cha wenye nyumba, ongeza 0.25. Nyaraka za chama huagizwa, hulipiwa, halafu husubiriwa. Ziagize siku ileile unayofungua faili.

Kushika pande zote mbili, ongeza 0.75. Haifiki alama mbili kamili kwa kuwa nyaraka nyingi ni zilezile, lakini mawasiliano ni mara mbili.

Mnunuzi anayetegemea kuuza nyumba yake kwanza, ongeza 0.5. Unafuatilia mauzo mawili, na moja liko mikononi mwa mtu usiyefanya naye kazi.

Muuzaji ni mrithi au mdhamini wa mali ya familia, ongeza 0.5. Swali la nani ana mamlaka ya kusaini lazima lijibiwe na kampuni ya hati miliki, inayohakiki umiliki wa nyumba, wiki ya kwanza. Likijibiwa wiki ya mwisho, fomu zote zilizosainiwa kwa jina lisilo sahihi zinarudiwa.

Muuzaji anayehesabiwa mgeni kwa sheria ya kodi, 0.25, kwa sababu ya kodi inayozuiliwa wakati wa kufunga, ambayo kwa kawaida ni asilimia 15 ya bei, na fomu zinazopaswa kuandaliwa mapema. Anayebadilisha mali ya uwekezaji chini ya kifungu cha 1031 cha sheria ya kodi naye ni 0.25: ana siku 45 za kuitaja mali mpya na siku 180 za kuimiliki, na wikendi haiziongezi.

Mauzo ambayo benki inakubali kupokea pungufu ya deni, ongeza alama nzima. Huweza kulala miezi kisha yakaamka kwa siku moja.

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 haiongezi alama, ijapokuwa wengi huiwekea. Fomu ya tahadhari ya rangi yenye madini ya risasi ni karatasi moja na kijitabu kimoja. Kinachoiharibu ni mpangilio tu: mnunuzi anatakiwa awe amepewa taarifa hiyo kabla mkataba haujamfunga, hivyo tarehe ya saini yake ikiwa ya baadaye, kuna kasoro ambayo haifutiki. Iweke juu kabisa kwenye orodha ya kufungulia faili.

Kisha kuna uzito ambao orodha nyingi hazina: wakala mwenyewe. Wakala mgeni kwenye kazi, au mzoefu asiyejibu ujumbe mpaka usiku, ni 0.5 kwa kila faili analoleta. Kwa mtazamo wa tulioandika ulinganisho huu, hii ndiyo alama yenye ukweli kuliko zote. Mkopo wa VA wa wakala makini huisha kimya kimya. Fedha taslimu za wakala asiyesoma fomu zake hukuamsha Jumapili.

Jumla usiyovuka ni ileile 11 uliyoipata juu, safari hii ikiwa alama. Mafaili tisa yenye alama 11.5 yamejaa. Mafaili kumi na mawili yenye alama 10.5 bado yana pumzi.

Kalenda ya makataa

Alama haziwezi kuiona ile Alhamisi ya 22 Mei. Kalenda inaiona, lakini lazima uijaze kwa namna fulani.

Tenganisha makataa makali na kazi laini. Makali ni yale ambayo yakipita mtu anapoteza haki au fedha: amana, mwisho wa ukaguzi, kuondoa masharti, kupokea taarifa ya mwisho ya mkopo, kusaini, kufunga. Kuagiza bima ya hitilafu za vifaa vya nyumba ni kazi laini. Ikisogea kesho hakuna anayeumia. Makali yaandikwe kwa wino mmoja, laini kwa mwingine, na ukihesabu siku, hesabu makali peke yake.

Kila makataa makali yanahitaji mguso mara tatu: kumbusho siku tatu kabla, uhakikisho siku moja kabla, na ushahidi wa maandishi siku yenyewe. Ushahidi ni risiti ya eskro, fomu iliyosainiwa, au uthibitisho wa kupokea. "Wakala kasema tayari" hauhesabiki. Kwa hiyo siku yenye makataa manne ina miguso minne yake, pamoja na ile ya makataa ya kesho na ya siku tatu mbele. Zaidi ya manne kwa siku, mguso wa kati ndio hurukwa, na huo ndio uliokuwa ugundue kwamba mnunuzi hajafungua barua pepe ya mkopeshaji.

Kwenye ile Alhamisi, kazi yenyewe inaonekana hivi. Faili la kwanza: masharti ya California hayafi yenyewe siku ya 17 ikipita, mnunuzi huyaondoa kwa fomu aliyoisaini. Asiposaini, upande wa muuzaji unaweza kumpelekea notisi ya kutimiza, ambayo kwa kawaida ni ya siku mbili, na baada yake muuzaji anaweza kuvunja mkataba. Hivyo Jumatatu ulipaswa kumuuliza wakala: ripoti za ukaguzi zimefika? Ombi la marekebisho limejibiwa? Uthamini je? Faili la pili: unataka risiti ya eskro kabla ya saa za kazi kwisha, na unataka kusikia kutoka kinywani mwa mnunuzi kwamba namba ya akaunti aliihakikisha kwa kupiga simu aliyoitafuta mwenyewe, siyo iliyokuja ndani ya barua pepe. Faili la tatu: unampigia afisa wa mkopo asubuhi kuuliza kama uthibitisho umeingia, na kama haujaingia unampigia wakala wa mnunuzi saa hiyohiyo.

Hilo la akaunti linastahili neno zaidi. Wezi hujipenyeza kwenye barua pepe za mauzo, husubiri hadi karibu na kufunga, kisha hutuma maelekezo ya benki yaliyobadilishwa yakionekana kama yametoka eskro. Mratibu hapaswi kusambaza maelekezo ya benki kabisa. Onyo la simu huchukua dakika nne kwa kila mnunuzi, na mzigo ukizidi ndilo jambo la kwanza kuachwa kwa sababu halina tarehe. Lipe tarehe: siku unayofungua faili, na tena siku tano kabla ya kufunga.

Kanuni ya kuhesabu siku hubadilika kwa jimbo na kwa fomu, na hapo ndipo makosa makubwa hufanyika. Texas ni mfano mzuri. Amana na ada ya kipindi cha hiari zinatakiwa zifikishwe ndani ya siku tatu baada ya mkataba kuanza kazi, na siku ya tatu ikiangukia wikendi au sikukuu, muda husogea. Lakini kipindi chenyewe cha hiari, ambacho mnunuzi hukilipia ili aweze kujiondoa kwa sababu yoyote, hakisogei. Kikiisha Jumamosi, kinaisha Jumamosi saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali ilipo nyumba. Programu iliyopangwa kusogeza kila tarehe ya wikendi hadi Jumatatu itakuonyesha siku mbili ambazo mteja wako hana.

Mwisho wa mwezi nao una kawaida yake. Wanunuzi hupenda kufunga siku za mwisho kwa sababu riba ya siku zilizobaki za mwezi, inayolipwa papo hapo, inakuwa ndogo, na mikataba ya kupanga huishia hapo. Tarehe ikishakubaliwa huna la kuifanya, lakini kabla ya ofa kuandikwa unaweza kuwaambia mawakala wako wa kila siku: Jumanne au Jumatano, na kama mteja hajali, kati ya tarehe 10 na 24. Kufunga Ijumaa alasiri huacha hitilafu yoyote isubiri hadi Jumatatu huku lori la vyombo liko njiani.

Basi uchague ipi?

Ukiwa na mawakala wawili au watatu wa mji mmoja na mafaili yasiyozidi kumi, hesabu ya mafaili yenye saa zilizopimwa inatosha. Usijitwishe mfumo wa alama ambao hutaujaza.

Ukipita hapo, au ukianza kupokea majimbo mawili, tumia alama mlangoni na kalenda ndani. Alama zinajibu "nipokee?" kwa sekunde ishirini. Kalenda inajibu "lini itaniumiza?", na ndiyo yenye kauli ya mwisho. Wakala akileta mkataba mpya, kabla hujasema ndiyo, andika tarehe zake tano au sita kwenye kalenda kwa penseli. Zikiangukia siku mbili ambazo tayari zina makataa manne, jibu ni hapana, au ni ndiyo yenye msaidizi siku hizo, hata kama jumla ya alama inaruhusu.

Peke yako, na msaidizi, au kugawana hatua

Mratibu anayefanya peke yake ana faida moja isiyonunulika: kila kitu kiko kichwani mwa mtu mmoja. Udhaifu wake ni huohuo. Akiugua siku mbili, hakuna anayejua kwamba muuzaji wa faili la tano aliahidi kwa mdomo kuacha mashine ya kufulia. Anayebaki peke yake aandike kila jioni mistari miwili kwa kila faili lililoguswa: kimefanyika nini, kinasubiriwa nini kwa nani.

Msaidizi huondoa kazi nyingi kuliko watu wanavyotarajia, ukimpa kazi zinazofaa. Mpe kufungua faili, kuagiza nyaraka za chama, kupanga miadi ya ukaguzi, na kupitia kila ukurasa kutafuta saini na herufi za majina zilizorukwa. Usimpe kuhesabu tarehe mpaka umemkagua kwenye mafaili kumi, na usimpe mazungumzo na mkopeshaji wiki ya mwisho. Mwezi wake wa kwanza mzigo wako unapanda, kwa hiyo shusha dari yako alama mbili au tatu. Wengi huajiri msaidizi wakiwa wameshazama, halafu humlaumu kwamba hakuwasaidia.

Kugawana hatua, mmoja akifungua hadi masharti yaondolewe na mwingine akimalizia, kunaleta maana pale timu inapobeba mafaili thelathini au zaidi. Chini ya hapo, hasara ya makabidhiano ni kubwa kuliko faida. Mawakala hawapendi kubadilishiwa mtu katikati, na makabidhiano mabaya hupoteza yale yasiyo na fomu. Karatasi ya makabidhiano iwe na mambo haya bila kukosa: makataa yaliyobaki na kanuni iliyotumika kuyahesabu, marekebisho yaliyokubaliwa na risiti zake, hali ya mkopo kwa neno la afisa mwenyewe na tarehe aliyolisema, ahadi za mdomo, na mtu mgumu katika faili hilo ni nani.

Kwa mipangilio yote mitatu kuna mpaka mmoja. Mratibu asiye na leseni hafasiri mkataba, hajadili bei wala marekebisho, na hamshauri mteja kama aondoe sharti au abaki nalo. Sheria hutofautiana kwa jimbo, na majimbo kama Georgia, Massachusetts na South Carolina hufunga mauzo kupitia wanasheria. Mpaka huu unahusu mzigo moja kwa moja: kila swali unalolijibu badala ya wakala ni kazi usiyolipwa na hatari usiyokuwa na bima yake. "Hilo ni la wakala wako, nimemtumia sasa hivi" ni sentensi inayookoa saa nyingi kwa wiki.

Namna unavyolipwa inavyoujaza au kuupunguza mzigo

Malipo ya kawaida ya mratibu wa kujitegemea ni ada kwa faili, mara nyingi kati ya dola 300 na 500 kwa upande mmoja, yakilipwa mauzo yanapofungwa. Faili likivunjika siku ya 20 umeshafanya nusu ya kazi bila chochote. Matokeo yake ni tabia: unapokea mafaili ya ziada kufidia yale yatakayovunjika, halafu mwezi mmoja hakuna linalovunjika na yote yanafunga wiki moja.

Ada iliyogawanywa ni bora zaidi kwa anayetaka mzigo unaobebeka. Sehemu ilipwe faili linapofunguliwa na isirudishwe, inayobaki wakati wa kufunga, pamoja na ada ya kuvunjika iliyoandikwa kwenye makubaliano. Ongeza bei kwa alama: faili la 1.75 lisilipiwe kama la 1.0. Wakala akiona tofauti hiyo kwenye ankara, anaanza mwenyewe kuleta nyaraka zikiwa kamili.

Mshahara unaondoa tamaa ya kupokea zaidi lakini unahamisha uamuzi kwa mwajiri, ambaye mara nyingi huhesabu mafaili tu. Anayeajiriwa aombe dari iandikwe kwa alama. Na kwa mpangilio wowote, usipokee zawadi wala malipo kutoka kampuni ya hati miliki au mkopeshaji kwa kuwapelekea wateja. Sheria ya shirikisho ya 1974 inakataza.

Jedwali au programu

Jedwali la Excel linatosha hadi alama nane hivi. Safu zake: tarehe ya kukubaliwa, makataa makali, kanuni ya kuhesabu, ushahidi umeingia au la. Programu za kazi hii, Dotloop na SkySlope zikiwemo, zinashinda kwa saini, hifadhi ya nyaraka na ukaguzi wa broka, yaani msimamizi wa mawakala. Haziondoi haja ya kuhesabu. Kila faili jipya, hesabu tarehe kwa mkono kutoka kwenye mkataba uliosainiwa, kisha linganisha na za programu. Zikitofautiana, mkataba ndio wenye haki. Kosa la mara kwa mara ni kuingiza tarehe ya ofa mahali pa tarehe ya kukubaliwa, na hapo faili zima limeteleza siku moja au mbili.

Ukiwa umeshalemewa

Dalili huja kwa mpangilio: kwanza unaacha kuandika ile mistari miwili ya jioni, kisha unaruka uhakikisho wa siku moja kabla, kisha wakala anakuuliza jambo la faili nawe unalifungua ili ukumbuke ni la nani. Ikifika hiyo ya tatu, acha kupokea kwa wiki mbili.

Halafu punguza ulichonacho. Usitoe faili lililo ndani ya siku saba za mwisho; kulikabidhi kunakula muda zaidi ya kulimaliza. Usitoe pia la siku tatu za kwanza, kwani kulifungua ndiko kunakoweka tarehe, na mpokeaji akirithi tarehe mbaya atafunga nazo. Toa la katikati: masharti yameshaondolewa, mkopo unasubiri idhini, hakuna makataa makali kwa siku tano zijazo. Mpigie wakala kwanza, umtajie nani anapokea na saa ngapi atampigia, kisha mtumie mpokeaji karatasi ya makabidhiano na ukae naye kwenye simu dakika kumi na tano mkipitia mkataba ukurasa kwa ukurasa.